Mfanyakazi wa kumi: nafuu ya kodi inavyomfikia mwajiri mdogo, na inavyompita

Juni 2021, Dk. Mwigulu Nchemba alisimama bungeni Dodoma kusoma bajeti yake ya kwanza akiwa Waziri wa Fedha na Mipango. Kilichobaki midomoni mwa watu ni tozo ya miamala ya simu, na si ajabu, maana ilimgusa kila aliyetuma hela kijijini. Lakini ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo kulikuwa na kifungu kifupi ambacho hakikupigiwa kelele: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo wahasibu wote wanaiita SDL, ingeanza kulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi kumi. Kabla ya hapo ilianzia kwa mwenye wanne.

Hakuna aliyekipamba kifungu kile kwa jina la mpango wa ajira kwa vijana. Hata hivyo ndicho mfano mzuri kuliko yote tulionao Tanzania wa serikali kulegeza kodi ili mwenye biashara ndogo asiogope kuongeza mtu. Na kina kasoro moja kubwa, ambayo nitaifikia.

Tunaposikia nafuu ya kodi kwa ajili ya ajira, swali la kwanza huwa ni kiasi gani. Hilo liwe la pili. La kwanza ni kodi ipi inayopunguzwa, na kama huyo tunayetaka aajiri anailipa.

Mchukue mwenye saluni mwenye wasaidizi wawili, anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe na mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 100. Huyu yuko kwenye kodi ya makadirio. Anakadiriwa kwa mauzo ghafi, si kwa faida. Mshahara anaowalipa wale wasaidizi haumpunguzii kodi hata senti, kwa sababu matumizi hayahesabiwi. Sasa serikali ikitangaza kwamba atakayeajiri kijana atakata mara mbili ya mshahara wake kwenye faida inayotozwa kodi, tangazo hilo litapokewa kwa makofi hotelini kwenye semina, na mwenye saluni hatapata kitu. Hana faida inayotozwa. Kenya ni vivyo hivyo kwa walio kwenye kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 tangu Julai 2023 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka.

Kenya inatupa pia mfano wa pili, wa aina nyingine. Mwaka 2015 sheria yao iliweka nafuu kwa mwajiri anayewachukua wahitimu wa chuo kikuu kama wanagenzi kwa miezi sita hadi kumi na miwili: nusu ya mishahara aliyowalipa inahesabiwa tena kama punguzo katika kodi ya mwaka unaofuata. Ukisoma haraka utasifu. Soma tena uone sharti: wahitimu wasiopungua kumi. Benki inaweza. Kampuni ya bima inaweza. Mwenye duka la vipuri Kariobangi mwenye vijana watatu hawezi kuchukua wahitimu kumi hata akipewa bure, na kama angeweza, faida ingemfikia mwaka mmoja baadaye, wakati mshahara unadaiwa kila mwisho wa mwezi.

SDL haina matatizo hayo, na ndiyo maana naipa uzito. Inatozwa juu ya jumla ya mishahara, iwe biashara imepata faida au hasara, na inalipwa kila mwezi pamoja na PAYE, kodi anayoikata mwajiri kwenye mishahara ya wafanyakazi wake, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mwajiri akiondolewa SDL, hela inabaki mfukoni mwake mwezi huohuo. Haombi, haandiki barua, hasubiri kurejeshewa. Kwa mtu anayeendesha biashara kwa mzunguko wa wiki kwa wiki, hilo lina thamani kuliko ahadi kubwa ya mwakani.

Kiwango chenyewe kimekuwa kikishuka kwa miaka: kutoka asilimia 6 hadi 5 mwaka 2013, hadi 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, kisha 3.5 mwaka 2023. Chama cha Waajiri, ATE, kimekuwa kikililia jambo hili muda mrefu, na kilikuwa na hoja ya haki: sehemu kubwa ya fedha zilizokusanywa kwa jina la ufundi stadi imekuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu badala ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Lakini kushusha kiwango na kubadilisha idadi ya wafanyakazi ni mambo mawili tofauti kabisa. Kampuni inayolipa mishahara ya shilingi bilioni 1 kwa mwezi, kiwango kikishuka kutoka 4 hadi 3.5, inaokoa shilingi milioni 5 kila mwezi. Karakana ya watu kumi wanaolipwa laki tatu kila mmoja inaokoa 15,000. Yenye watu tisa haiokoi chochote, kwa kuwa haikuwa inalipa. Kushusha kiwango ni zawadi kwa wenye mishahara mikubwa. Kupandisha idadi ndiko kulikomlenga mdogo.

Sasa ile kasoro.

Tuseme ni karakana ya madirisha ya alumini Tabata. Wafanyakazi tisa, kila mmoja laki tatu. Jumla ya mishahara ni 2,700,000 kwa mwezi, SDL sifuri. Oda zimeongezeka, kuna jengo la ghorofa nne linataka madirisha yote kabla ya mvua, na fundi mmoja zaidi angesaidia sana. Mwenye karakana anamchukua wa kumi. Mishahara inakuwa 3,000,000. Kwa kuwa sasa amefika kumi, tozo haihesabiwi kwa huyo mmoja aliyeongezeka. Inahesabiwa kwa wote. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni shilingi 105,000 kila mwezi.

Kwa hiyo fundi wa kumi hagharimu laki tatu. Anagharimu laki tatu, pamoja na 105,000 za SDL, pamoja na 30,000 za mchango wa mwajiri NSSF, pamoja na kidogo cha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. SDL peke yake ni asilimia 35 ya mshahara wake. Fundi wa tisa hakuwa na mzigo huo. Wa kumi na moja naye ataongeza 10,500 tu. Ukuta wote umejengwa mbele ya mtu mmoja.

Kabla ya 2021 ukuta uleule ulikuwa mbele ya mfanyakazi wa nne. Kwa mshahara huohuo na kiwango cha asilimia 4, kutoka watatu hadi wanne kulikuwa na tozo mpya ya 48,000. Kifungu cha 2021 kiliusogeza ukuta hadi mahali ambapo biashara nyingi ndogo hazifiki, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mwenye watano au saba. Lakini kwa zile chache zilizo njiani kukua, ambazo ndizo tunazitaka sana, ukuta umekuwa mrefu zaidi kwa sababu nyuma yake kuna mishahara mingi zaidi.

Na watu si wajinga. Mwajiri aliyefika tisa ana njia kadhaa, zote zinajulikana mtaani. Wa kumi anabaki kibarua wa siku, halipwi kwa kitabu. Au anafungua biashara ya pili kwa jina la mke, TIN nyingine, mafundi wanne huku na sita kule. Au anawalipa wale tisa saa za ziada hadi wachoke. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoongeza ajira rasmi, na ile ya kwanza inamnyima fundi NSSF yake.

Je, nafuu ya namna hii huleta ajira kweli? Hapa inabidi tutoke nje, kwenye nchi zilizojaribu na kupima.

Marekani ilijaribu kwa nchi nzima mwaka 1977 na 1978. Mwajiri alipewa punguzo la kodi la asilimia 50 ya dola 4,200 za kwanza za mshahara wa kila mtu aliyeongezeka, yaani hadi dola 2,100 kwa ajira. Waliotunga sheria walikuwa na akili: punguzo halikuhesabiwa kwa kila aliyeajiriwa, lilihesabiwa kwa ongezeko linalozidi asilimia 102 ya ajira za mwaka uliopita. Maana yake, biashara inayokua kwa mwendo wake wa kawaida haikulipwa kwa kukua huko. Na hakuna mwajiri aliyeruhusiwa kupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo kampuni kubwa haikuona sababu ya kuhangaika huku ndogo zikinufaika. Jeffrey Perloff na Michael Wachter walipochunguza, waliona kwamba biashara zilizoujua mpango ule ziliongeza ajira kwa zaidi ya asilimia 3 kuliko zisizoujua. Tatizo liko kwenye maneno hayo: zilizoujua. Waajiri wengi waligundua nafuu ile wakati mhasibu anajaza fomu mwisho wa mwaka, wakati walioajiriwa walishaajiriwa zamani.

Hilo la kulipia ajira ambayo ingekuwepo hata bila nafuu ndilo linaloua mipango mingi ya aina hii. Hospitali mpya inafunguliwa, maduka ya dawa yanayoizunguka yanaajiri kwa sababu wateja wamekuja, na serikali inawalipa wote kana kwamba ni kodi iliyowashawishi. Jimbo la California lilikuwa na maeneo maalumu ambamo mwajiri alipata punguzo kwa kila aliyeajiriwa. David Neumark na Jed Kolko walipolinganisha maeneo hayo na mengine yaliyofanana nayo, hawakuona ajira zilizoongezeka kwa sababu ya mpango. Mwaka 2013 jimbo likaufuta.

Majimbo mengine ya Marekani yalilenga wadogo moja kwa moja. Illinois, mwaka 2010, ilitoa dola 2,500 kwa kila ajira mpya ya kudumu katika biashara isiyozidi watu 50, ikikatwa kwenye kodi ya mishahara ambayo mwajiri anaikusanya na kuipeleka serikalini. Huo ndio ujanja uleule wa kugusa kodi anayoilipa kweli, si ile ya faida ambayo huenda hana. Robert Chirinko na Daniel Wilson, waliochunguza mipango ya majimbo mengi, walikuta jambo la kuchekesha kidogo: sheria ikipita leo na kuanza kutumika miezi kadhaa mbele, waajiri wanasimamisha kuajiri wakisubiri tarehe. Nafuu ya ajira inapunguza ajira kwanza. Wabunge wetu wanaopenda kusema sheria itaanza Julai wakumbuke hilo.

Ufaransa haikuwapa watu muda wa kusubiri. Desemba 2008, uchumi ukiporomoka, Rais Nicolas Sarkozy alitangaza kwamba biashara yenye wafanyakazi chini ya kumi (namba ileile yetu) itaondolewa michango ya mwajiri kwa mtu wa mshahara wa chini atakayeajiriwa kuanzia siku hiyohiyo. Ilipangwa kudumu hadi mwisho wa 2009. Pierre Cahuc, Stéphane Carcillo na Thomas Le Barbanchon walikuta kwamba ajira ziliongezeka, haraka, na kwa gharama ndogo kwa serikali. Kwa nini pale ilifanya kazi na kwingine isifanye? Haikutegemewa, kwa hiyo hakuna aliyeahirisha kuajiri. Ilikuwa ya muda, kwa hiyo aliyefikiria kuajiri mwakani aliona bora aajiri sasa. Na Ufaransa ina kima cha chini cha mshahara kinachobana kweli, kwa hiyo nafuu haikugeuka nyongeza ya mshahara, ilibaki kwa mwajiri.

Hiyo sababu ya mwisho inastahili kukaliwa. Chile, baada ya kubinafsisha mfumo wake wa pensheni mwaka 1981, ilishusha sana michango iliyokuwa juu ya mishahara. Mchumi Jonathan Gruber alipofuatilia viwandani, aliona mishahara imepanda karibu kwa kiasi kilekile kodi ilichoshuka, na ajira hazikusogea. Wafanyakazi walifaidika, na mimi sina ugomvi na hilo, lakini kama lengo ni ajira mpya, fedha zilikwenda mahali pengine. Kwa fundi wetu wa Tabata, inategemea nani ana nguvu ya kupatana. Fundi mzuri wa alumini anayegombewa na karakana tatu atadai sehemu yake ya ile nafuu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiye na cheti, hatadai.

Afrika Kusini iliamua kumlenga huyo kijana. Tangu 1 Januari 2014, mwajiri anayemchukua mtu wa miaka 18 hadi 29 mwenye mshahara mdogo anakata kwenye PAYE anayoipeleka SARS, mamlaka ya mapato ya huko: mwanzoni hadi randi 1,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza na nusu yake katika mwaka wa pili, kisha basi. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikapandishwa hadi randi 1,500. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilipinga tangu mwanzo kwa hofu kwamba wazee wangefukuzwa ili vijana wa bei nafuu waingie. Vimal Ranchhod na Arden Finn walipotazama miezi sita ya kwanza hawakuona vijana wakipata kazi zaidi kuliko kabla.

Sababu mojawapo, kwa ninavyoona mimi, ni njia fedha ilivyopita. Ukikata kwenye PAYE, lazima uwe na PAYE ya kukata. Duka kubwa lenye matawi mengi lina mameneja wanaolipa kodi nene, na punguzo la vijana wa kaunta linamezwa hapohapo. Mwenye biashara ndogo, ambaye wafanyakazi wake wote wako chini ya kiwango cha kutozwa, hana cha kukata. Inabidi adai kurejeshewa, na marejesho hayo hufanywa mara mbili tu kwa mwaka.

Tungeunakili mpango huo Tanzania ungekwama palepale. Rudi kwa fundi wa laki tatu. Akikatwa mchango wake wa NSSF wa 30,000, inabaki 270,000, ambayo ndiyo hasa kikomo cha mshahara usiotozwa PAYE. Kodi yake ni sifuri. Karakana nzima ya watu tisa inapeleka TRA ritani ya PAYE yenye sifuri. Waziri akitangaza punguzo kwenye PAYE kwa kila kijana mpya, tutakuwa tumemwahidi mwenye karakana sehemu ya kitu ambacho hakipo.

Kuna na wizi, bila shaka. Afrika Kusini walitokea wajanja waliowaandikisha wanafunzi kwenye vyuo vya mafunzo kama waajiriwa, mshahara kwenye karatasi, kazi hakuna, punguzo linadaiwa. Bunge likalazimika kubadilisha tafsiri ya neno mfanyakazi katika sheria. Nafuu inayohesabiwa kwa kichwa daima huzaa vichwa hewa, na sisi tuliopitia watumishi hewa hatuhitaji kuelezwa.

Ukuta wa SDL unaweza kuvunjwa bila kubuni mpango mpya. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2014 kwa michango ya bima ya taifa. Badala ya kusema mwenye watu fulani halipi na mwenye zaidi analipa yote, walisema kila mwajiri anasamehewa pauni 2,000 za kwanza za mwaka, kisha analipa zinazozidi. Kiasi kimepandishwa mara kadhaa na Aprili 2025 kilifika pauni 10,500. Mwajiri mdogo sana halipi kabisa. Anayekua anaanza kulipa kidogo kidogo. Wajanja waliofungua kampuni ya mtu mmoja, yeye mkurugenzi na yeye mfanyakazi, ili waupate msamaha, walizuiwa tangu 2016.

Kwa lugha ya Tabata: tusahau kuhesabu vichwa, tuseme milioni 2.7 za kwanza za mishahara kwa mwezi hazitozwi SDL kwa mwajiri yeyote. Karakana ya watu tisa inabaki sifuri kama ilivyo. Fundi wa kumi anaongeza 10,500, si 105,000. Hakuna sababu ya TIN ya mke. Na ofisa wa TRA hahitaji kubishana kama yule anayechomelea nyuma ya karakana ni kibarua au mwajiriwa, anatazama jumla ya mishahara tu.

Gharama yake inahesabika. Kila mwajiri anayelipa SDL leo, kuanzia huyo wa watu kumi hadi kiwanda cha saruji, angebakiza shilingi zisizozidi 94,500 kwa mwezi, yaani asilimia 3.5 ya zile milioni 2.7. Kwa kiwanda si kitu, kwa Hazina ikizidishwa kwa waajiri wote wanaolipa ni hela. Hela hiyo inatoka kwenye mfuko ambao VETA nayo inautegemea, na ndiko anakotarajiwa kufunzwa fundi wa kumi. Wizara ikitaka isipoteze, inaweza kuwanyima msamaha huo wenye mishahara mikubwa, kama Uingereza ilivyofanya kuanzia 2020 hadi 2025 kwa waajiri ambao michango yao ilifika pauni 100,000 kwa mwaka. Ukuta utarudi, lakini utasimama mbele ya kampuni ambayo 94,500 haiwezi kuizuia kuajiri.